Redio ya Kituo Haisikiki

Mume wangu alikuwa askari polisi wa serikali, na buti alizovaa kazini nilimnunulia mimi, Dubai, kwa mshahara wa kutandika vitanda vya wageni.

Nilikuwa na mwaka wa pili katika hoteli moja ya Al Barsha, karibu na lile duka kubwa linalotembelewa na watu wa dunia nzima, alipohamishwa kutoka Malindi. Walimpeleka kaskazini kabisa mwa Kenya, kwenye kituo kidogo cha vibanda vya mabati na mlingoti wa bendera, askari saba kwa jumla. Mtandao wa simu haukufika pale. Ilimbidi apande kilima nyuma ya kituo, na akifika juu alikuwa akinibipu: simu yangu inalia mara moja, kisha anakata. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu, kwa sababu haikuwa na gharama. Ikilia jioni, nilijua mume wangu yu hai, nikaoga, nikala. Isipolia, niliiambia nafsi yangu kwamba mvua imenyesha kilimani, ingawa kule mvua hainyeshi.

Siku za mapumziko nilinunua kadi nikampigia mwenyewe, tukazungumza. Katika mazungumzo hayo ndipo aliponiambia kwamba soli za buti zake zimeachana na ngozi, na amezifunga kwa waya.

"Kwani serikali haikupi buti?" nikamuuliza.

"Inatoa. Kasma imekwisha."

Neno hilo sikuwa nimelizoea. Akanieleza kwamba kasma ni fungu la fedha wanalotengewa kwa mwaka mzima, la mafuta, sare, matengenezo na kila kitu, na kwamba fungu la kituo chao lilikuwa likiisha kabla ya nusu ya mwaka. Gari lao lilikuwa juu ya mawe kwa kukosa matairi. Paa la sero lilikuwa limeng'olewa na upepo, kwa hiyo mtu wakimkamata wanamfunga pingu kwenye nguzo ya kibanda cha jikoni na kumpa chai. Yote hayo aliyasema kwa sauti ya mtu anayeelezea hali ya hewa. Wameambiwa wangoje mwaka mpya wa serikali, yaani Julai, na wakati huo hata Krismasi ilikuwa haijafika.

Nilikwenda Deira nikamnunulia buti kwenye duka linalouzia mafundi wa ujenzi. Kisha sikutulia. Nilimwona kwa mawazo akitembea na buti mpya katikati ya wenzake sita waliofunga zao kwa waya, na nikaona hilo haliwezi kuwa jema kwake mahali ambapo maisha yake yako mikononi mwao. Nikamwomba saizi za miguu yao. Alikataa, halafu siku nyingine akanitajia moja baada ya nyingine. Nilizinunua polepole, kila mwisho wa mwezi.

Chumbani kwangu tulikuwa wanawake wanne, na niliyeshirikiana naye zaidi ni Mtanzania wa Moshi, Mkristo, mdogo kwangu kwa umri, aliyefanya kazi ya kufua katika hoteli hiyo hiyo. Aliona buti zimepangwa chini ya kitanda changu akacheka.

"Dada, hivi wewe umeolewa na mwanaume au na serikali?"

Nilicheka naye. Lakini usiku ule swali lake lilinikaa.

Mizigo nilikuwa nikiipeleka bandari ya Al Hamriya, kwa mzee mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa wakala wa yale majahazi ya injini yanayopakia bidhaa za Mombasa. Alikuwa ameishi Dubai tangu ujana wake, na hakuwa mtu wa maneno ya faraja. Alipenda kulalamika: bei ya dizeli, manahodha wavivu, joto, forodha ya Mombasa. Nilimwamkia shikamoo na yeye akaitikia marahaba huku akitazama mzigo, si mimi.

Kisha ikaja habari ya betri.

Mume wangu alinipigia mwenyewe siku hiyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na nilipoona jina lake na simu inaendelea kulia bila kukatwa, niliacha mashuka niliyoshika nikapokea. Nilikuwa kwenye korido ya ghorofa ya juu na troli la mashuka.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Tulia. Nataka kukuomba jambo, na ukishindwa, umeshindwa."

Redio ya mawasiliano ya kituo ilikuwa imekufa. Yenyewe ilikuwa nzima, na paneli ya sola juu ya paa ilikuwa nzima, lakini betri haikushika tena moto. Mchana jua likiwa kali redio ilikohoa kidogo; jua likizama, basi. Alikuwa ameripoti makao makuu ya wilaya mara nyingi.

"Wanasemaje?"

"Unajua wanavyosema."

"Na usiku mkivamiwa?"

Nilisikia upepo wa kile kilima ukipiga kwenye simu yake.

Nilinunua betri kwa fedha niliyokuwa nikiweka kwa ajili ya mabati ya nyumba yetu Malindi. Muuzaji alitaka kunipa ile ya kutiwa maji, lakini mzee wa Hamriya alikuwa ameshanionya kwenye simu: betri ya maji ya asidi haipandi chomboni pamoja na nguo na vyakula, nikileta hiyo nitarudi nayo. Nikachukua betri kavu, nzito kama gunia la saruji. Dereva wa teksi alikataa kuinyanyua, nikasaidiwa na Mpakistani mmoja aliyekuwa akipita.

Nilidhani itaondoka wiki ile. Jahazi halikuwa limejaa. Mwenye chombo alikuwa akingojea friji na matairi ya mfanyabiashara fulani, na mfanyabiashara alikuwa akingojea fedha zake. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda bandarini nikalikuta sanduku langu la betri palepale nilipoliacha, limefunikwa turubai, limezungukwa na makatoni ya sabuni.

"Mzee, hii betri ni ya polisi," nilimwambia.

"Polisi gani?"

"Polisi wa Kenya. Kituo cha mume wangu. Hawana redio."

Aliacha kuandika akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tujuane. "Serikali nzima inangoja sanduku lako, mwanangu?"

"Si serikali. Ni watu saba."

"Mimi siwezi kuliamuru jahazi liondoke," akasema. "Sanduku nitalisogeza mbele liwe la mwanzo kushuka. Zaidi ya hapo inshallah."

Chombo kiliondoka hatimaye. Nilianza kukifuata baharini kwa mawazo, nikiwa natandika vitanda, nikiwa nasugua mabafu. Na ni katika siku hizo, jahazi likiwa njiani, ndipo simu yangu ilipoacha kulia.

Jioni ya kwanza nilisema ni mvua. Jioni ya pili nilisema amechoka. Ya tatu sikuwa na la kusema. Nilimpigia nikapata ile sauti ya mwanamke inayosema mteja hapatikani, nikampigia tena, nikampigia tena, mpaka kadi ikaisha ingawa yeye hakupokea. Sijui kadi iliishaje. Labda nilikuwa nikimpigia mama yangu Malindi na kukata mara anapopokea, nisije nikamtia hofu yeye na binti yetu aliyekuwa akimlea.

Kazini mikono yangu ilikuwa yangu, akili haikuwa yangu. Niliingia chumba cha mgeni aliyekuwa amelala, bila kubisha hodi. Nilitandika kitanda kimoja mara mbili, nikaacha kingine wazi. Msimamizi wetu, tuliyemwita madam, aliniita ofisini kwake.

"Una matatizo?"

"Hapana, madam."

"Mgeni amelalamika. Akilalamika mwingine, khalas, nitashindwa kukusaidia."

Nilisema nisamehe, madam. Ningemwambia nini? Kwamba mume wangu amepotea katika nchi yake mwenyewe, akiwa na bunduki ya serikali na bendera ya serikali, na hakuna anayejua?

Yule mwenzangu wa Moshi ndiye aliyenisukuma. Alinikuta nimekaa juu ya ndoo bafuni.

"Dada, si una namba ya wakubwa zake? Piga."

"Wakiniambia jambo baya je?"

"Basi utakuwa umelijua. Hivi ulivyo sasa unakufa kidogo kidogo. Chukua kadi yangu, piga."

Namba nilikuwa nayo. Mume wangu alinipa ya makao makuu ya wilaya, akisema ni ya dharura tu. Nikapiga. Alipokea afisa mwenye sauti ya upole, iliyochoka. Nilijitambulisha, nikamwambia nipo Dubai na sijampata mume wangu siku kadhaa.

"Mama, nitakwambia ukweli. Hata sisi hatujawapata."

"Hamjawapata vipi?"

"Redio yao haisikiki. Tumesikia kwa wafanyabiashara kwamba kuna wezi wa mifugo walipiga manyatta za wafugaji upande ule. Askari wetu inasemekana waliwafuata kwa miguu. Zaidi ya hapo hatujui."

"Sasa si muende mkaangalie?"

"Gari lipo," akasema. "Mafuta ndiyo hakuna. Tumeomba mkoani. Tunangoja."

Nakumbuka nilikuwa nimesimama dirishani. Chini, magari yalikuwa yamejipanga kwenye barabara kuu mpaka macho yaliposhindwa, kila moja na mafuta yake. Nikamuuliza, "Mafuta kiasi gani?"

"Mama, hiyo si kazi yako."

"Najua si kazi yangu. Kiasi gani?"

Nilisikia akifunga mlango. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imeshuka, na nafikiri alikuwa akiona haya, kwa sababu aliniita dada badala ya mama.

"Dada, hapa mjini kuna mfanyabiashara mmoja, anauza petroli kwenye mapipa. Yeye hatukopeshi tena. Lakini akipata neno kutoka huko kwenu, kutoka kwa jamaa zake wa hawala, wanaotumiana fedha kwa neno tu, dereva wangu ataondoka saa hiyo hiyo. Mimi mwenyewe nitaondoka naye."

Niliomba ruhusa ya saa mbili kwa kusingizia jino. Deira kulikuwa na duka la simu na vitambaa lililokuwa na ndugu kila mji wa kaskazini mwa Kenya. Kijana wa kaunta aliuliza ninampelekea nani na kwa ajili gani. Nikasema, mafuta ya gari la polisi. Alinitazama, akamtazama mwenzake, akapokea fedha zangu, akaandika. Alipiga simu mbele yangu, akasema maneno machache ya Kisomali, akanambia, "Yalla, nenda. Mapipa yanafunguliwa."

Kutoka hapo sikuweza kufanya lolote. Nilirudi kazini nikatandika vitanda. Nilisali adhuhuri ndani ya chumba cha mashuka, na sikumbuki nilisoma nini. Mwenzangu wa Moshi naye alikuwa akiomba kwa namna yake, alikuwa akipita na kikapu cha taulo huku midomo inacheza. Jioni tulikaa na simu katikati yetu juu ya godoro kama mgonjwa.

Ilipolia, ililia ikaendelea kulia. Namba sikuijua.

"Ni mimi," akasema.

Mwenzangu alichukua simu akamwambia, "Shemeji, subiri kidogo, analia," akanirudishia.

Mambo yalikuwa hivi. Wezi walivamia manyatta alfajiri, wakapiga risasi, wakaondoka na ng'ombe na mbuzi. Askari watano waliwafuata kwa miguu, wawili wakabaki kulinda kituo. Walijaribu redio kwanza, ikakohoa ikazima. Huko mbele walipigwa risasi kutoka kwenye miamba, na mmoja wao, baba wa watoto wanne, aliumizwa paja. Walimfunga kwa shati, wakamlaza kwenye blanketi, wakambeba kuelekea barabarani, wakipokezana, kwa sababu kurudi kituoni kungekuwa kurudi mahali pasipo daktari, gari wala redio. Simu ya mume wangu iliisha moto siku ya kwanza. Barabarani hapakupita gari. Wa kwanza kupita alikuwa yule afisa niliyezungumza naye na dereva wake, na mafuta ya Deira ndani ya tangi.

Majeruhi alifikishwa hospitali. Mguu ulibaki, ingawa haukuwa tena mguu wa kukimbia.

Nilidhani nikishajua yu salama hofu itaisha. Haikuisha, ilihama tu. Siku chache baadaye, alipopata nguvu ya kueleza zaidi, mume wangu aliniambia jambo ambalo nadhani angelificha kama asingekuwa amechoka. Walipokuwa wanarudi ndani ya gari walimpita mwanamke amesimama kando ya njia na watoto, akipunga mkono. Dereva akasema, huyu tulimpita wakati wa kuja pia. Mumewe alikuwa mchungaji wa mifugo, hakuonekana tangu uvamizi, na mwanamke huyo alikuwa ametembea mpaka makao makuu kuomba gari limtafute. Aliambiwa hakuna mafuta.

"Mlimpata mumewe?" nikauliza.

"Walimpata ndugu zake wenyewe," akasema.

Sikuuliza kama alikuwa hai.

Jambo hilo nimelibeba. Sioni nilipokosea, mke mwingine yeyote mwenye senti mkononi angefanya nilivyofanya. Lakini gari lilikuwa la wote, na lilikuja kwa wangu.

Betri ilifika Mombasa, ikakaa forodhani, ikatoka, ikapanda lori la miraa na baadaye lori la unga, ikafika. Redio ikasikika mchana na usiku. Makao makuu wakauliza betri imetoka wapi, mume wangu akasema ukweli, na betri ikapigwa rangi na namba ya mali ya serikali. Hilo halikuniudhi. Kilichoniogopesha ni simu zilizofuata.

Wa kwanza alikuwa yule afisa mwenye sauti ya upole. Alianza kwa shukrani ndefu, akauliza habari za joto la Dubai, kisha akasema kuna kituo kingine, mbali zaidi ya kile, hawana hata matairi. Baada yake akapiga mwanamke nisiyemjua, mke wa askari wa kituo hicho. Alisema, "Dada, nimeambiwa wewe ndiye unayesaidia." Sijui alipata wapi namba yangu. Nilimwambia mimi ninasafisha vyumba. Alisema anajua, na akangoja.

Nilinunua tochi kumi na kuzipeleka Hamriya. Mzee aliziweka kwenye mizani, akanitajia bei, halafu akapunguza bila kuombwa. "Utawavisha wote, mwanangu?" akauliza, na kwa namna alivyouliza nilijua hakuwa ananidhihaki. Nikamwambia sijui. Simu ilipolia kwa namba ngeni, nikaanza kuiacha ilie.

Nilipopata likizo nilikwenda nyumbani, na mume wangu naye aliruhusiwa kushuka Malindi. Alikuwa amekonda, na alikuwa akiamka usiku kukagua mlango. Siku ya tatu, tukiwa tumekaa uani kwa mama, nilimwambia nilichokuwa nimekipanga ndani ya ndege.

"Acha kazi. Kule Dubai wanataka walinzi wa majengo. Utasimama mlangoni kwenye kiyoyozi, na mshahara unaingia."

"Na wale sita?"

"Wana wake zao."

Alinitazama, nami nikayaonea haya maneno yangu, lakini sikuyarudisha.

"Polisi sitaacha," akasema. "Ila nimeomba uhamisho. Nilikuwa sijakwambia, nisikupe tumaini la bure."

Nilirudi Al Barsha na tumaini hilo hilo la bure. Ilichukua mwaka na zaidi. Kilikuja kipindi cha kasma mpya, redio ikaongezewa nyingine, matairi mawili yakaletwa, mawili yakasahauliwa. Mume wangu aliendelea kupanda kilima, nami niliendelea kutooga mpaka simu ilie. Madam alihamishwa hoteli nyingine, akaja mwingine. Mwenzangu wa Moshi aliolewa akarudi kwao.

Uhamisho ulipotoka, ulimpeleka kituo cha pwani, mji wa watalii. Alinipigia siku ya kwanza kutoka mezani kwake, simu ikiwa na mtandao kamili.

"Hapa gari linatembea," akasema.

"Kasma ipo?"

"Hapana. Wenye hoteli wanatujazia mafuta."

"Na wao wakipiga simu?"

"Tunakwenda upesi," akasema, na nikajua anamfikiria yule mwanamke wa kando ya njia, kama nilivyokuwa ninamfikiria mimi.

Sisi wote wawili hatukumtaja. Aliniambia mbu wa pale ni wakali, na chumba alichopewa kinavuja. Halafu akaanza habari ya mabati ya nyumba yetu, kwamba fundi anataka kuezeka mekundu. Nikamwambia mekundu hupauka kwa chumvi ya bahari, tuezeke ya kijani. Akasema kijani ni rangi ya msikiti. Tukabishana mpaka dakika za kadi zikaisha, nami nikarudi kumalizia wali wangu kwenye chumba cha chakula cha wafanyakazi, ukiwa umeshapoa.